Mimi, Mke wa Kocha Haddock

Jumamosi, 20 Novemba 1982
Tumeshinda! Tumewapiga wale wa chuo kikuu cha jimbo, wenye uwanja kama mji mzima! Sauti sina. Wachezaji walimbeba Royce wangu juujuu, helmeti zinarushwa hewani. Miaka mitano iliyopita hapa Tarrow nani alijua kama chuo chetu kina timu ya futiboli, hii ya kukimbia na mpira mikononi? Ng'ombe walikuwa wakila nyasi nyuma ya goli. Leo meya kanishika mkono: "Verlene, mumeo akikitaka kiti changu, nampisha kabla hajamaliza kusema." Jirani yangu Jolene katuletea nyama ya kuoka ya kulisha kanisa zima. Royce hakula. Yupo sebuleni anarudia filamu ya mchezo, anawatukana waliokosea. Kashinda — na bado anatukana!

Jumanne, 16 Agosti 1983
Joto la kukaanga yai juu ya boneti. Nilimpelekea Royce chakula mazoezini. Nikamkuta yule mgeni, Cleon Mabry — mwaka wa kwanza, mnene, mpole, Jumapili alikula pai ya pichi kwangu mpaka akaona haya — kapiga magoti, anaomba maji. Royce akaichukua ndoo, akaimwaga nyasini mbele ya uso wake.
"Maji ni ya wanaume. Wewe binti, inuka!"
Wenzake wakacheka. Cleon naye akajaribu kucheka. Akainuka, akakimbia, akaanguka. Royce akawaamuru wengine wamruke, waendelee. Wakamruka.
Nilikuwa nyuma ya uzio. Nimeshika sandwichi.

Jumatano, 17 Agosti
Amekufa. Kumi na nane tu.
Royce kala mayai yake yote. "Moyo wake ulikuwa mbovu, Verlene. Alikuja nao hivyo kutoka kwao. Na wewe jana hukufika uwanjani. Umenielewa?"
Nikamwongezea kahawa.

Jumamosi, 3 Septemba
Mchezo wa kwanza wa msimu. Tumeshinda. Mama yake Cleon alisimama langoni na picha ya mwanawe kifuani. Watu wanapita wanamzomea. "Rudi kwenu, mama, unatuletea mkosi!" "Mwenye moyo wa karatasi ulimleta futiboli ya nini?" Jolene — anayefundisha watoto Biblia! — akamrushia kikombe cha barafu. Barafu ikamwingia kifuani. Hakujifuta.
Nikampita. Viti vyetu ni vya mbele.

Alhamisi, 13 Oktoba
Wade Trask, nahodha, kamweleza mwandishi wa gazeti yote: ndoo, matusi, daktari wa timu alivyoambiwa aseme nini. Wenzake wakamvamia bwenini, wakamshindilia nyasi mdomoni. "Imba sasa, kasuku!" Kavunjwa taya. Lakini wengine wanne nao wamesema.
Royce anacheka. "Jumamosi tukishinda, watasahau hata jina la huyo mtoto."

Jumatatu, 7 Novemba
Wameivunja timu! Bodi ya chuo imepiga kura, basi, imekwisha. Royce kafukuzwa. Wachezaji wanahama na magodoro mgongoni. Mtu kamwaga samadi barazani kwetu. Meya akiniona anavuka barabara.
Na gazetini — Mama Mabry kwenye ngazi za kanisa letu, kakumbatiwa na Jolene! Jolene analia mpaka kamasi. Nikampigia simu.
"Jolene, na kile kikombe?"
"Kikombe gani, mpenzi?" Akakata.

Ijumaa, 2 Desemba
Chuo kimoja huko Kansas kinamtaka Royce. Wamechoka kufungwa, hayo mengine hawayajali sana. Mwenyekiti wa bodi yao na mkewe wako mezani, wanakula kuku wangu.
Asubuhi alipiga simu wakili wa Mama Mabry. Kesi ipo. Anatafuta mtu aliyeona kwa macho, asiye mchezaji. Nilimwambia nitampigia. Royce hajui.
Mwenyekiti kauliza kuhusu yule mtoto. Royce akashusha uma, akalainisha sauti: "Nilimlilia kama wangu. Muulizeni Verlene."
Nikasema naenda kuleta mchuzi. Niko jikoni, naandika nimesimama. Wanaume wanacheka huko.
"Verlene! Njoo uwaambie, mpenzi!"
Mke wa mwenyekiti kanifuata. Kasimama mlangoni, kaurudisha mlango nyuma yake. Ananiuliza polepole, wasisikie: siku ile ulikuwepo? Mwanangu naye anachezea timu yetu, anasema.
Royce anaita tena. Kiti kimeburutwa. Anakuja —