Dada Amenisafishia Chumba cha Kushonea, Sasa Anataka Nikifunge

Shangazi, shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne, mbili zimepotelea humu humu chumbani na moja nadhani nimemfungia nayo mteja vifungo vyake, kwa hiyo hii naiandika nikiwa nimesimama, nisije nikainuka kutafuta kalamu nyingine nikajikuta nasugua dirisha. Nakuomba unishike mkono, maana mwisho wa mwezi natakiwa nimpe dada yangu jibu na jibu lenyewe sina.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare na nguo za kazi katika chumba kimoja kinachotazama barabara, huu mwaka wa saba, na nina maradhi mawili yasiyopatana. La kwanza ni baridi yabisi, daktari amesema nitaishi nayo, kuna asubuhi naamka vidole vimevimba hata zipu yangu mwenyewe inanishinda, na la pili niliambiwa ukubwani kuwa linaitwa ADHD, yaani akili yangu haikai mahali pamoja, naenda kuchukua pasi narudi na ufagio, na kitu nisichokiona kwa macho kwangu ni kama hakipo duniani. Moja linasema pumzika, jingine halijui hata maana ya neno hilo.

Basi nikajitengenezea utaratibu wangu, usinicheke. Nilifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kila asubuhi natundika nguo tatu za siku hiyo kwa vibanio, kila moja na karatasi yake ya vipimo, na mfuko wa vidonge nautundika katikati ambapo lazima unigonge usoni nikitaka kukaa. Siku vidole vikivimba nafanya kazi za mguu kwenye cherehani, siku magoti yakigoma nafanya kazi za mkono, vifungo na pindo. Redio ikisoma habari nasimama kunyoosha viungo. Na kazi ikinishinda kabisa namwita fundi viatu wa jirani, analeta stuli yake na kiatu chake, hatuzungumzi lolote, nami kwa sababu kuna mtu karibu namaliza. Wateja wananiita Mama Vibanio na wanajua nguo zao zinatoka.

Mwezi uliopita nililazwa siku tatu, dada yangu akachukua funguo ili anisafishie. Nimerudi nakuta chumba kinang'aa, vipimo vyote vimo kwenye droo, nguo zimekunjwa kabatini, vidonge vimewekwa kwenye kikapu kizuri chenye mfuniko juu ya kabati, kamba ameifungua akaizungusha vizuri. Nilimshukuru sana na tangu siku hiyo sioni kitu. Siku tisa sikunywa dawa, nilipozikumbuka nikameza za siku mbili kwa mpigo ili nifidie, na sare ya muuguzi nimeikata kwa vipimo vya mwenye duka la vitabu, ambaye ni mnene mara mbili yake, muuguzi mwenyewe akaijaribu akaniambia kwa upole kwamba ataivaa na mwenzake. Siku hiyo dada alinikuta nimekaa sakafuni nalia, magoti kama maboga, akaniambia, "Mdogo wangu, funga hapa uje kwangu upumzike. Mama nilimuuguza peke yangu kwa maradhi haya haya, naye alikuwa anasema hajambo mpaka siku ya mwisho."

Sikumwambia habari ya dawa. Nitamwambiaje mtu aliyepiga magoti akanisugulia sakafu kwamba ameniharibia? Na usiku na mchana najiuliza, labda ana haki, mwanamke mzima anayehitaji kamba na vibanio na fundi viatu ili amalize pindo moja, huyo ni fundi au anacheza? Shangazi, nikifunga sijui nitakuwa nani. Je, nifunge?

Mama Vibanio

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama Vibanio. Keti kwanza.

Umeniandikia kama mshtakiwa, lakini barua yako nimeisoma mara mbili na sijaona kosa la uvivu hata moja. Nilichokiona ni mwanamke ambaye viungo vinamuuma na akili inamkimbia, na kwa miaka saba watu wamekuwa wakienda kazini wamevaa nguo alizoshona yeye. Ile ya kazi za mguu siku ya vidole na kazi za mkono siku ya magoti, nani alikufundisha? Hakuna. Uliibuni mwenyewe, kwa maumivu. Mimi nina viungo vizima, akili yangu imetulia kama maji mtungini, na kuna sketi yangu inasubiri pindo tangu mwaka jana. Kwa hiyo lile swali la kama wewe ni fundi au unacheza, naomba usiniulize tena, nitakasirika.

Na kukasirika nimeshakasirika kidogo, tena na wewe. Kumeza dawa za siku mbili kwa mpigo ni nini? Dawa si deni kwamba usipolipa leo utalipa kesho. Kesho asubuhi, kabla hujagusa mkasi, nenda kliniki uwaambie yote, siku tisa ulizoruka na hizo ulizofidia, wala usiwapunguzie hesabu kwa aibu. Waulize na dawa unazotumia kwa maradhi yote mawili kama zinapatana. Kisha duka la dawa wakuuzie kile kisanduku cha vyumba saba, kinachoonekana ndani, chumba cha leo kikiwa kitupu ujue umeshakunywa. Kitundike pale pale panapokugonga usoni.

Kamba irudi leo hii, si Jumatatu. Nguo tatu kwa siku, na siku mbaya iwe moja, na moja ni kazi pia. Mteja wa nne akija na sura ya huruma, mwambie wiki ijayo na umwandikie tarehe mbele yake. Fundi viatu mpangie saa maalumu ya kuja, usingoje mpaka uzidiwe ndipo umwite. Mtu kuhitaji mwenzake kando ili amalize kazi si utoto. Wabeba mizigo hufanya hivyo kila siku na hakuna anayewacheka.

Sasa dada yako. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye kitanda chako hajawahi kukilalia. Alipoona karatasi kwenye kamba aliona uchafu, kwa sababu hukuwahi kumwonyesha ni kitu gani. Na wewe ulipomaliza kumshukuru ukanyamaza, ukaenda kulia sakafuni. Unajua umemkumbusha nani? Soma tena maneno yake mwenyewe uliyoniandikia. Huyo mama aliyesema hajambo mpaka siku ya mwisho ndiye anayemtoa dada yako usingizini. Hajali chumba chako kikiwa na kamba au hakina. Anaogopa kukuzika wewe pia huku ukitabasamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika nyumba yenu jambo hilo limeshatokea mara moja. Usilirudie kwa sababu ya adabu.

Kwa hiyo usifunge. Lakini hutamjibu dada yako kwa barua wala kwa simu, na wala hutangoja mwisho wa mwezi. Mwite asubuhi ya siku ambayo vidole vinauma kwelikweli, usichague siku nzuri. Mkalishe kwenye stuli. Mwambie habari ya dawa kwanza, zote, akasirike. Akimaliza kukasirika, shona. Usimweleze kitu, shona tu mbele yake ile nguo moja ya siku mbaya, mwanzo hadi mwisho, upumzike pale inapouma na usimame redio inaposoma habari.

Atakapokuuliza unaendeleaje, na atauliza, usiseme hujambo. Sema, "Dada, leo inauma sana, na bado nataka kufanya kazi." Mama yenu hakuwahi kumwambia neno la namna hiyo. Akilia, mwache alie, na wewe endelea kushona.