Mlango wa Solange

Mama Solange,

Mke wangu, jana wakwe walikuja kuleta mahari. Ungekuwepo, ungenicheka mpaka ukae chini.

Mwanao Solange, tangu tulipokuzika, hajaomba kitu. Safari hii aliomba kimoja tu: ile girlande yako ya maua na majani, itundikwe juu ya mlango kama ulivyowatungia mabibi harusi wote wa hapa Musonoi. "Bila ile, Tata, nitaona kama mama hakukuya." Ningekataaje?

Asubuhi nikachukua mkasi wako. Bugenvilia yako ilikuwa nyeupe kwa vumbi la malori, nikakata maua yake, nikayaosha na kuyaanika kivulini. Nilikumbuka kwamba unaanza na majani, unayalaza kama mabati ya paa, unayafunga kwa uzi wa shaba, maua yanakuja mwisho. Majani gani sasa? Hapo ndipo mimi, fundi wa magari, nilipokwama. Nikakata matawi ya mchikichi kwa jirani, nikayafunga, nikayatundika yakiwa matupu, nikaenda kuoga huku maua yakikauka.

Unacheka tayari, najua. Mzee mzima nimesahau kwamba mchikichi mlangoni, kwetu, ni alama ya kilio!

Nina sabuni usoni, namsikia Solange: "Tata! Bamama banalia ku mulango!" Nikatoka na taulo. Majirani wamejifunga vitambaa kichwani, mmoja na mkeka wake kabisa, wanauliza nani amekufa. Waliponiona mzima, kicheko kikaanza.

Mmoja tu hakucheka. Rafiki yako Mama Charlotte wa Tenke, yule aliyekosa mazishi yako kwa ugonjwa. Alikuja kwa ajili ya mahari, ila alipoyaona yale matawi aliona kama ndiyo siku ya kukuzika. Akakaa chini, akalia akikuita jina. Solange, ambaye tangu makaburini hakutoa chozi, akaenda akamlalia begani, akalia naye. Na mimi nikalia, hivyo hivyo na taulo langu. Nimekukosa, mke wangu. Nimekukosa sana.

Halafu Mama Charlotte akajifuta macho, akapanda juu ya kiti. "Muleteko maua mbio, bakwe banafika!" Wale wale waliokuja kulia ndio waliomshikia uzi. Mchikichi hawakuutoa, waliuvika bugenvilia mpaka mlango mzima ukawa mwekundu.

Wakwe wakaingia, wakakaa, wakaweka vitu vyao mkekani. Ikafika zamu yangu kumuuliza binti mbele ya watu kama tupokee. Solange hakunitazama mimi. Alitazama juu mlangoni, kisha akasema, "Mupokee."

Mama Charlotte ameahidi kunifundisha. Mdogo wake Solange akipata siku yake, nitamtungia mwenyewe, hata vidole vitoke damu.

Pumzika, mama. Siku Solange atakapotoka hapa kwenda kwa mumewe, nitamshika mkono kwa ajili yetu wawili.

Mume wako,
Tata Solange