Kanda ya Mama

Shoga, nimeishiwa nguvu. Kaka kamnunulia mama runinga mpya, ile ya zamani kaitupa pamoja na deki!

Eti, "Mama, siku hizi ni HDMI, picha inang'aa. Nyaya tatu za rangi za nini?"

Mama kasimama na kanda ya harusi yake mkononi. Ndiyo pekee yenye sauti ya marehemu baba. Ndiyo PEKEE, shoga!

Kaka kakimbilia jalalani, hola. Fundi kaleta deki nyingine na kigeuzi cha kuiunganisha na HDMI.

Baba katokea, picha inachezacheza. Kacheka, kamwita mama, "Kipenzi."

Deki ikaitafuna kanda palepale.

Kaka kaangua kilio. Mama kamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Nimemsikia."

Sasa amejilaza, kanda iliyochanika iko kifuani.