Samli Kwenye Kopo la Mafuta ya Kujipaka

Nyarugusu, Geita

Mayu, mama yangu,

Kama Kabula anakusomea asubuhi, wangaluka. Kama ni jioni na ng'ombe wameshaingia, mwadila mayu. Shikamoo zangu zote ziko humo. Kabula, dada yangu, wewe soma polepole na usiruke, hata pale nilipokosea kuandika.

Mimi nipo, nadunda. Kifua kilibana kidogo kwa vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ila sasa nafunga kitambaa. Vipi miguu yako? Mtama umeota huko Kishapu? Huku mvua inanyesha mpaka matope yanaingia ndani.

Mayu, Kabula aliniambia kwenye simu kwamba umeacha kupika. Kwamba hata macho yalipoacha kuona uliendelea vizuri tu kwa kupapasa na kunusa, mpaka siku ile watoto walipokusogezea nsansa, yale majani makavu ya kunde, puani wakauliza, bibi hii ni nini, ukasema tumbaku, wakacheka. Kesho yake dagaa nao ukawakosa. Ukasema basi, pua nayo imekufa, ukakitoa kigoda chako jikoni ukakiweka nje ukutani. Niliposikia hivyo nilisukuma sahani pembeni. Maana mimi nikikumbuka nyumbani sikumbuki nyumba. Nakukumbuka wewe umeinama kwenye chungu cha kunde, unafunua, unavuta pumzi, unasema "bado". Hujaonja, umenusa tu. Na kweli ilikuwa bado.

Sasa sikiliza kilichotokea huku.

Kabula alinitumia samli yako ya mwisho kwa konda wa basi. Hakupata chupa, akachukua kopo kubwa la mafuta ya kujipaka, yale ya mgando, akalisafisha akajaza humo. Picha ya yule mwanamke anayecheka ikabaki pale pale. Hakuniambia. Konda akaliacha chumbani kwetu, mimi niko karasha. Musa, kijana wa Tanga ninayekaa naye, akarudi kutoka kuosha mchanga wa dhahabu, mikono imepasuka kwa maji. Hapa kila jioni watu wanajipaka mafuta mikononi, na kopo la mmoja ni la wote. Basi akachota, akajipaka mpaka kwenye viwiko. Nilivyofika nikamkuta ananusa mikono, uso kaukunja.

"Masanja, mafuta yako yameoza mwanangu. Yananuka panya aliyefia darini."

Wenzetu wa chumba cha pili wakaja kunusa. Kila mmoja akasema yameoza, mmoja akasema sio kuoza, yamechanganywa dawa feki, yeye anaisikia kabisa hiyo dawa. Wakanipa na mimi. Nikaona kopo, nikaona mafuta ya njano, nikanusa. Mayu, mimi niliyekua nalambishwa samli hiyo hiyo kwenye kidole chako, nilisema yameoza. Unanijua siwezi kubishana na watu, lakini sio kwamba niliwaogopa. Niliisikia kweli imeoza.

Musa akalibeba akalitupe shimoni. Ndio simu ikaita, Kabula, anauliza kama samli ya mayu imefika.

Nilimkimbilia Musa nikamshika mkono. Nikanusa tena. Kopo lile lile, pua ile ile. Lakini sasa ilikuwa kwetu. Kibuyu kinatikiswa, moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, ndama anavuta kamba, wewe unaimba ule wimbo wako usioisha. Nikakaa chini. Musa akauliza nalia nini, nikasema moshi. Akasema moshi upo wapi hapa.

Nikawaambia ni samli. Wakanusa upya, mmoja mmoja, eeh, kweli samli. Yule wa dawa feki akataka ya kuwekea kwenye ugali. Musa akasema, "Nyie Wasukuma mtaniua, nimejipaka mboga," akaanza kulamba kiwiko.

Likanikaa kichwani hilo jambo. Kesho yake nikamfuata Baba Shija, mzee wa Ushirombo anayetupikia, yeye hakuwepo na hakuwa anajua kitu. Nikamwomba afumbe macho, nikamsogezea. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Naijua hii," akasema. "Tangu mtoto naijua. Jina tu haliji."

Alihangaika mpaka nikamwonea huruma. Nikamuuliza, ni mafuta ya alizeti, ni siagi ya dukani, au ni samli? Akasema samli hata sijamaliza kuuliza.

Mayu, pua ya yule mzee haijafa. Ya kwako pia haijafa. Pua inajua, ila inapenda kuambiwa. Zamani macho ndio yalikuwa yanaiambia, unaona majani makavu kwenye ungo, pua inaitikia tu. Sasa macho yamenyamaza, na watoto wanakuletea kitu bila neno, kama mtihani. Nani angeshinda? Mimi nilishindwa na macho yangu yote mawili.

Kwa hiyo Kabula, nakuomba. Ukimpelekea mayu kitu usimuulize ni nini. Mwambie, mayu, hii nsansa, imeiva? Au muulize ni hiki au kile. Makopo yasihamishwe hamishwe, na mafuta ya taa yatoe jikoni kabisa. Kigoda kirudishe ndani. Madaktari wa macho wakifika Mhunze mpeleke, ila asingoje macho ndio apike.

Nisalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, shangazi wa kwaya, na shemeji. Na wale watoto waliocheka, waambie sina hasira nao.

Mayu, nitakuja wakati wa kuchuma pamba. Harufu yangu imebadilika, nanuka dizeli na vumbi la mawe, hata sabuni ya huku ni nyingine. Na unajua tabia yangu, nikifika huwa nasimama mlangoni kimya mpaka mtu anione. Safari hii hapana. Nitaanza kuita kule kule kwenye ua wa minyaa, majirani wote wasikie, "Mayu, ni Masanja." Halafu ndio nije karibu, uninuse.

Mwanao,
Masanja