Krimu Juu ya Bluu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimeijaribu mashine ya kupulizia rangi. Nimeanza na mlango wa stoo hapa kwangu Moshono, maana ukiharibika hakuna atakayeuona. Niliisogeza karibu mno — rangi ikatiririka hadi chini. Nikafuta, nikarudia kwa mbali kidogo, mkono ukitembea bila kusimama. Safi. Mlango mzima kabla chai haijapoa!

Kesho naipeleka Kikwe, nyumbani kwa Mama. Tangu atolewe mtoto wa jicho yuko kwa Eliud, mdogo wangu, kule Daraja Mbili. Eliud anataka abaki huko moja kwa moja. Anasema Mama anasahau sana siku hizi, na ile nyumba imechakaa. La kusahau siwezi kubishana naye. La nyumba naliweza.

Jumapili, 3 Agosti

Ibada ya kwanza, halafu Kikwe. Kuta zilikuwa bluu tangu Baba yuko hai, bluu iliyofubaa kwa vumbi na moshi. Nikapiga msasa, nikaziba madirisha kwa magazeti na tepu, nikazimua rangi kwa maji, nikaichuja kwa soksi ndefu kuukuu. Krimu. Sebule yote na ukuta wa mbele, nimemaliza jua bado liko juu. Kwa brashi ningeshinda huko wiki nzima.

Naisiae, jirani anayemlishia Mama kuku, alikuja akasimama uani. Akauliza kama Mama anajua. Nikamwambia ni sapraizi. Akasema haya, imependeza. Lakini hakuingia ndani kuangalia.

Jumatano, 6 Agosti

Niliomba ruhusa kazini nikamalizie chumba cha Mama. Kikwe umeme umekatika. Nimekaa na mashine mapajani hadi mchana, nikarudi zangu. Mabega yananiuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane, hakuna kazi. Chumba nimekimaliza asubuhi. Nikafungua madirisha harufu itoke, nikafuta sakafu, nikarudisha viti mahali pake.

Mchana Eliud akamleta Mama. Alishuka kwenye gari, akaniita jina langu vizuri kabisa, Ndeshi, nikamwamkia, akaitikia. Kisha akafika mlangoni akasimama.

"Hodi," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Yeye akangoja. Akabisha tena, kwa adabu, kama mtu aliyefika ugenini. Nikamkaribisha — ningefanyaje? Akakaa ukingoni mwa kiti, kiti chake mwenyewe, mkoba mapajani. Macho yake sasa yanaona vizuri, daktari kasema. Aliziangalia kuta zote, mmoja baada ya mwingine. Akasifia, akasema wenye nyumba ni wasafi. Chai ilipokwisha akashukuru kwa mapokezi, akamwomba Eliud ampeleke nyumbani, kuku wake hawajala.

Nikamwambia, Mama, hapa ndipo kwako. Akanitazama kwa huruma.

"Ndeshi, mimi kwangu napajua."

Eliud amerudi naye Daraja Mbili. Afadhali angenisema.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyuma ya kabati la vyombo mashine haikufika. Nimekwangua kipande cha ile bluu, kidogo tu, nikakipeleka mjini duka la rangi. Muuzaji akachanganya, akapaka kwenye karatasi, akaikausha kwa feni, akachanganya tena. Anasema bluu hii watu hawaitaki siku hizi. Imekaribia. Si yenyewe, ila imekaribia.

Nikampigia Eliud. Anasema Mama halali, anafunga mizigo, anataka kwenda kwake. Amechoka, sauti tu inaonyesha. Nikamweleza habari ya rangi.

"Dada, hata ukiirudisha bluu, kesho ataisahau na bluu yenyewe."

Rangi nimeinunua.

Jumapili, 10 Agosti. Kikwe

Leo sikwenda ibadani. Ukuta wa mbele: nusu bluu, nusu krimu. Nilitaka nimalize kwanza ndipo waje. Wamewahi. Eliud anasema Mama alitoka kanisani akakaa kwenye gari akakataa kushuka, anadai apelekwe kwake. Mimi niko juu ya stuli, mashine inanguruma, kofia hadi kwenye nyusi, barakoa usoni. Nikaizima.

Mama alikuja moja kwa moja hadi pale rangi mbili zinapokutana. Hakugusa, akaona bado mbichi. Aliutazama upande wa bluu, akautazama, akaitikia kwa kichwa. Moyo wangu! Kisha akanigeukia.

"Pole na kazi, fundi. Mwenye nyumba yupo?"

Nikamwambia yupo, anakuja. Nilimjibu kwa sauti yangu ya kila siku, hii hii. Hakushtuka.

Nimeingia jikoni, nimewaambia nanawa mikono. Naandika nimesimama, daftari juu ya meza. Dirisha liko wazi, nawasikia. Mama amekaa kwenye ile stuli, anamwambia Eliud kumbe fundi ni mwanamke, na mkono wake ni mzuri. Eliud anasema ndiyo, Mama. Hamwambii ni nani. Kaniachia mimi.

Inawezekana ni barakoa tu. Barakoa na kofia, na rangi hii niliyojipulizia hadi kwenye kope. Mtu yeyote asingenitambua.

Maji yapo kwenye ndoo. Mikono nimeshanawa.

Anaita. Anaita fundi.

Barakoa bado sijaivua.