Gari Nililowaahidi Watu wa Kibagabaga

Mama Cécile mpendwa, mshauri wa wengi gazetini, leo ni zamu yangu kuomba msaada, na ninaomba kwa haraka maana Jumapili ya mwisho wa mwezi huu haiko mbali, na kabla hujacheka mwandiko wangu ujue kwamba shule niliacha mwaka wa sita si kwa ujinga, mwalimu alichoka na maswali yangu, lakini Kiswahili nimekinywa Buyenzi, Bujumbura, Kifaransa ninacho cha kutosha kumsalimu Mbelgiji na kumuuliza habari za mama yake, na Kinyarwanda nimejifunza hapa Kibagabaga tangu nina miaka tisa, kwa hiyo kilima kizima wananiita Mkalimani, na jina hilo sikujipa mimi. Nilisaidia kidogo tu.

Sasa sikiliza. Hapa kwetu tuna shirika la ingobyi, na kama kuna msomaji wa mjini aliyesahau, ingobyi ni kile kitanda cha kusukwa chenye miti miwili mirefu, mgonjwa analala, wanaume wanne wanaweka miti mabegani na kushuka naye, maana kwetu mvua ikinyesha hata baiskeli inabebwa. Kila nyumba inatoa mbebaji, na asiyetokea zamu yake ikifika analeta mtungi wa pombe ya ndizi, kisha anakaa pale akitazama wenzake wanakunywa bila kupewa hata mrija. Hakuna serikali humo, hakuna padri, hakuna chama. Siku hizi za vyama vingi mtu anasalimiwa kwa rangi ya kofia yake, lakini mimi nimeona kwa macho haya kofia tatu za rangi tatu chini ya ingobyi moja, na aliyelala juu hana habari nani anambeba.

Mimi mwenyewe nimelala humo, Mama. Tulipofika kutoka Bujumbura, mimi na shangazi yangu Donatille aliyenilea, hata wiki mbili hazijaisha malaria ikaniangusha, Shangazi akatoka nje akasimama tu analia, hajui agonge mlango gani, wakaja watu wasiojua hata jina langu wakanishusha mpaka barabara ya lami ya Remera wakasimamisha lori, na mbele kushoto alikuwa Mzee Léonce, ambaye ni mwenyekiti mpaka leo, nakumbuka kisogo chake chenye jasho na wimbo aliokuwa anauimbia puani njia nzima ili nisizimie.

Ndipo mwezi wa tisa akaja Madamu Lieve wa shirika la Wabelgiji, wale wa mambo ya afya, anataka kujua wagonjwa wanafikaje hospitali, na nani wa kumtafsiria kama si mimi? Aliuliza na kuandika, akainua ingobyi begani mwenyewe akayumba, watu wakacheka, naye akacheka. Mwisho akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yote: gari hawana, na hata wangekuwa nalo njia yetu isingelipitisha, wanachoweza ni mabuti ya mvua, turubai la kumfunika mgonjwa, na muuguzi wa kuwafundisha wabebaji namna ya kumshika aliyevunjika mfupa au anayetoka damu, shirika letu libaki kama lilivyo, tuandike tu barua yenye majina ya wanachama, nimpelekee kabla ya Novemba kwisha.

Mzee Léonce akauliza, "Mkalimani, amesemaje?"

Mama Cécile, ungekuwa wewe ungefanyaje? Wiki nzima nilikuwa nimezunguka kilima nikisema subirini tu, nikifungua mdomo mbele ya mzungu mtaona. Watu sitini wananitazama, wasichana wamo, Shangazi amevaa kitenge cha misa katikati ya wiki. Niwaambie mabuti? Nikasema, "Gari. Anatupa gari la wagonjwa. Jeupe." Hiyo rangi sijui ilitoka wapi.

Vigelegele! Shangazi alilia. Madamu Lieve alipoona furaha hiyo yote alidhani ni ya mabuti, akapiga makofi naye, macho yamemjaa machozi.

Nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho yake nikapewa kiti cha mbele kwa Silvère, anakouza pombe, na kiti kile, Mama, kina mto. Wiki zikapita. Ingobyi ikatupwa nyuma ya nyumba ya Mzee Léonce, kuku wakaanza kutagia humo, zamu zikafutwa, na Silvère akachukua mti mmoja akaegemeza mgomba wake wenye mkungu mzito.

Jumanne ya juzijuzi, mchana, mvua inamwagika, uchungu ukamshika Béatha, jirani yetu, ambaye mume wake ni tingo kwenye malori ya Mombasa. Watu wakajaa, hakuna aliyekwenda kuchukua ingobyi. Silvère anamwambia, "Tulia dada, gari iko njiani, wametuma mtoto kupiga simu parokiani. Si Mkalimani alisema?" Simu ya nani, kwa nani? Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Tukangoja karibu saa nzima, mimi peke yangu nikijua kwamba tunangoja hewa. Mwishowe nikamchukua mgongoni, tukateremka tukiteleza, hatukufika hata nusu ya njia. Amejifungua kando ya shamba la mtama, wanawake wameshika vitenge juu yake vinavuja maji, Shangazi Donatille amepiga magoti kwenye matope anapokea mtoto. Mtoto wa kiume, mdogo kama kuku wa Pasaka, lakini sauti anayo. Béatha alipoteza damu nyingi, na mpaka leo yuko hospitali.

Kilima sasa wanamwita yule mtoto Ambilansi. Wanacheka, na mimi nacheka nao, halafu nakwenda nyuma ya choo.

Juzi nikaenda kumwona Béatha. Amekonda, midomo myeupe, akanishika mkono akasema, "Niyo, najua si kosa lako, barabara za mvua zinachelewesha magari. Ulinibeba mgongoni. Nataka uwe baba wa ubatizo wa mtoto wangu." Mama Cécile, nikamfunika shuka vizuri, nikaaga.

Na Jumapili ya mwisho ndiyo mkutano. Wanataka kuvunja shirika la ingobyi, wanasema la nini tena, na vijana wa vyama wameshaanza kumshika huyu na yule pembeni, wanawaambia mkishaachana na wazee hao njooni kwetu, kila mmoja kwa kofia yake. Tena wananipendekeza niwe mwenyekiti wa kamati ya gari. Barua ya majina haijaandikwa. Nikisema ukweli, Shangazi atapita wapi na uso wake? Nina rafiki kule Kanombe, Eddie, ana pikapu kuukuu, nusu yake nyeupe, anasema anaweza kuja Jumapili ipigwe picha tu, kisha tuseme imeharibika. Au nirudi Bujumbura? Nipe njia, Mama, lakini usinipige sana, niko mwembamba.

Wako,
Niyongabo, Mkalimani wa Kibagabaga

*

Niyongabo mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili nilivua miwani, kwa sababu ya yule mama mwenye midomo myeupe anayekutolea udhuru kwa kosa lako wewe.

Pikapu ya Eddie ibaki Kanombe. Umeona tayari uongo mmoja ulivyomlaza mtu kwenye mtama, sasa unataka kuupaka rangi? Na Bujumbura usinitajie. Ukikimbia, watu watangoja gari mpaka atakapokufa wa kwanza, na jina lake utaletewa huko huko.

Huna roho mbaya. Ulipenda kiti chenye mto, na katika umri wako nani hakukipenda? Lakini uliwadharau watu wako, hilo ndilo linaloniuma. Uliona mabuti ni madogo. Mzee anayeteremka pekupeku kwenye utelezi ule, ana uhai wa mtu begani, ungemuuliza yeye kama buti ni dogo.

Tena umemdharau na Madamu Lieve, ambaye inaonekana ana akili kuliko wengi wanaokuja na magari makubwa. Alikuta kitu kinachotembea, akasema kibaki kama kilivyo, nitaongeza. Shirika la mbali likifanya hivyo limefanya kazi yake. Siku moja ataitwa kwao, au pesa zitakatwa, ataondoka analia, na nyinyi mtabaki na kilima chenu. Kwa hiyo mwombeni mabuti, mwombeni muuguzi, msimwachie mabega yenu. Na jambo la kofia tatu chini ya ingobyi moja uliliandika kama mchezo. Mimi silisomi kama mchezo. Ninyi mmebaki na mahali pamoja ambapo watu hawaulizani rangi, na mnataka kupavunja Jumapili kwa ajili ya gari lililozaliwa kwenye mdomo wako!

Sasa fanya hivi, na usichanganye mpangilio.

Kesho asubuhi nenda hospitali. Béatha awe wa kwanza kusikia, kabla ya wakubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Mwambie yote, hata ile rangi nyeupe. Akikufukuza, toka kwa heshima, mwachie uji utakaompelekea. Habari ya ubatizo usiiguse. Kama bado anakutaka, atakutafuta mwenyewe.

Ukirudi, mwambie Shangazi Donatille ukiwa umeketi chini, si mlangoni. Unaogopa uso wake, lakini uso ule ulipiga magoti kwenye matope kumpokea mtoto. Hautavunjika kwa neno la kweli.

Kisha nenda kwa Silvère na mti mwingine begani, egemeza mgomba wake vizuri, urudishe mti wa ingobyi. Kuku uwahamishe taratibu, mayai umpe Mzee Léonce mkononi, na hapo hapo umwambie.

Jumapili simama mbele ya watu wote useme maneno ya Madamu kama alivyoyasema, bila kuongeza hata tairi. Watakuzomea. Zamu ngapi zilifutwa kwa ajili yako? Leta mitungi hiyo yote ya pombe ya ndizi, kila wiki mmoja, ukae pale uwatazame wakinywa, wewe huna mrija, ndiyo sheria yenu na ni sheria nzuri. Halafu barua iandikwe pale pale, wanachama wote wataje majina yao, mpelekee Madamu siku ya pili pamoja na Mzee Léonce, na Madamu aambiwe watu walishangilia nini siku ile. Safari hii Mzee ndiye atakayesema. Wewe utatafsiri.

Zamu zikianza upya, usingoje kupangwa. Mwombe Mzee Léonce akuachie mti wa mbele, upande wa kushoto. Amechoka, mabega yake yalishakubeba. Na njiani umwimbie mgonjwa ule wimbo. Bado unaukumbuka.

Mama Cécile