Nimekula Idi Mwanangu Akiwa Bado Kafunga

Jumanne, Oktoba 2006. Bruxelles. Mvua tangu alfajiri, ile ya hapa isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika. Majani yameganda kwenye lami ya Chaussée d'Ixelles, ukikimbilia basi unateleza. Nimeteleza mara mbili leo, kwenda na kurudi.

Leo ni Idi. Au jana ndiyo ilikuwa Idi. Ukiniuliza mimi, sikupata hata moja.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Ningemwambia Maman Béa, jirani yangu wa ghorofa ya chini, lakini yeye akiona mtu analia huanza kuomba kwa sauti, na leo sina nguvu ya kuombewa.

Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Mwanangu Sauda nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu. Sasa ana tisa. Karatasi zangu za hapa hazijakamilika. Nikitoka sirudi, na kumleta yeye haiwezekani mpaka zikamilike. Kila mwaka naambiwa mwakani. Nimekwisha kulizoea hilo neno kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mwaka huu Sauda amefunga Ramadhani nzima kwa mara ya kwanza. Miaka ya nyuma alikuwa anafunga mpaka adhuhuri, anasifiwa, anakula. Safari hii mwenyewe alikataa hiyo nusu. Kila jioni nilipopiga simu alinihesabia: nimefika kumi na mbili, mama, nimefika ishirini. Sauti yake ilikuwa imekauka lakini ina kiburi, nami huku nacheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Tukapeana ahadi. Siku ya Idi, saa saba mchana, mimi na yeye tutakula pamoja. Yeye atakaa na sahani yake kwenye jamvi la bibi yake, mimi na yangu kwenye meza yangu huku Ixelles, simu katikati, tuseme bismillahi kwa pamoja na tuanze. Chakula kilekile: pilau, na boga la nazi, maana kwa boga mtoto huyo yuko radhi kumsahau aliyemzaa. Saa za huku na za kwetu zinalingana mpaka mwisho wa mwezi huu ambapo wenyeji wanazirudisha nyuma. Kwa hiyo hata kisingizio cha saa sina.

Kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, siku ya mapumziko, yaani kongé, inaombwa kwa fomu, wiki nne kabla. Bosi wetu si mtu mbaya, lakini hana muda wa hadithi: anataka tarehe. Nami nikampa tarehe. Nilisimama mbele ya kalenda ya yule Mmoroko anayeniuzia nyama, wino wa kijani, Idi imeandikwa Jumatatu. Nikaandika Jumatatu. Siku moja tu. Nikaweka sahihi.

Ajabu yenyewe hii hapa. Mimi nimekulia Buyenzi! Jioni ya ishirini na tisa tulikuwa tunapanda juu ya kuta kuutafuta mwezi, wengine wanaapa wameuona, wengine wanawaambia wameona taa ya ndege. Nimeshuhudia nyumba moja ikila Idi na ya pili yake ikila daku. Najua kama ninavyolijua jina langu kwamba mwezi haukubaliani na kalenda ya mtu yeyote. Mtu wa kwetu, akiombwa tarehe ya Idi wiki nne kabla, atacheka. Mimi sikucheka. Nilijaza fomu.

Miaka sita tu, na nimekuwa mtu wa tarehe.

Basi Jumamosi nilikwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika hapa, nikanunua iliki, mdalasini, bizari nzima, nazi ya kopo na kadi ya simu. Maboga ndiyo msimu wake, yamejaa kila genge, makubwa na madogo, wenyeji wanayatengenezea supu. Nilichagua moja zito, la ngozi nene. Muuzaji akaniuliza kwa Kifaransa kama nina familia kubwa. Nikasema ndiyo.

Jumapili jioni nilikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi vyeusi, madirisha wazi na baridi inaingia, kwa sababu jirani wa juu harufu ya kitunguu humuumiza kichwa. Pilau ya mama hupaliwa makaa juu ya mfuniko. Mimi makaa nitayatoa wapi? Natia sufuria ndani ya oveni. Inaiva, ndiyo, lakini haina ule ukoko wa chini tuliokuwa tunaugombania tukiwa wadogo. Msikiti wa karibu ukatangaza: mwezi umeandama, Idi ni kesho. Nikapiga takbira peke yangu na mwiko mkononi. Kupiga simu nyumbani kuuliza? Wala sikufikiri. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haulizi.

Jana asubuhi niliswali Idi. Saa saba kasoro dakika mbili nilikuwa mezani, nimevaa kanga mpya, sahani imejaa. Njaa ya mwezi mzima ikanishinda, nikapiga kijiko kimoja cha boga wakati simu inaita. Kimoja tu, wallahi.

Akapokea Sauda mwenyewe. Nikasema Idi mubarak mama yangu, uko tayari? Akauliza, “Mama, unatafuna nini?”

Kwetu mwezi haukuonekana. Walikuwa wamefunga, siku ya thelathini. Mtoto wa miaka tisa ndiyo kwanza ametoka shule, midomo imemkauka, na mama yake anamtafunia boga sikioni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye njaa ni mwanangu wa kumzaa.

Nikameza. Nikajitetea kwamba huku mwezi umeonekana, kwamba si dhambi, kila nchi na mwezi wake. Nilikuwa nazungumza kama wakili. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Haya. Kwa hiyo kesho hutakula na mimi tena?”

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ningesema, mwanangu, kesho niko kazini, nimekosea, nisamehe, kula na bibi yako. Ni maneno machache tu hayo.

Nikasema nitakula. Nikasema mapumziko yangu kazini ni saa saba kamili, nitapiga saa saba kamili, nitabeba chakula changu, wewe usiguse sahani mpaka nipige. Nililitia nguvu hilo la mwisho, nikijiona mama kwelikweli: usiguse mpaka nipige.

Pilau yangu sikuimaliza. Sahani moja nilimshushia Maman Béa, kwa sababu Idi bila kupeleka sahani kwa jirani si Idi, hata kama jirani ni mlokole wa Bukavu. Iliyobaki nikaitia kwenye kibakuli cha kubeba kazini.

Na leo, kazini, mwenzangu mmoja hakuja. Mgonjwa. Tukabaki wawili kwenye ghorofa yenye wazee wengi, na mapumziko yakasogezwa. Simu tunaiacha kabatini, hiyo ndiyo sheria, na kabati liko chini. Nilimwambia bosi nahitaji dakika tano. Akaniambia baada ya chakula cha wazee. Sikumwambia kwa nini nazihitaji. Ningeanzia wapi? Kwenye mwezi?

Saa saba kamili, na saa kubwa ilikuwa ukutani mbele yangu, nilikuwa namlisha bibi mmoja wa miaka zaidi ya tisini, kijiko kwa kijiko. Hawezi kushika kijiko na hana haraka. Unamwekea mdomoni, unasubiri, unampangusa kidevu, unamsifu. Alikuwa anakunywa supu ya boga.

Nilimsifu. Kila kijiko nilimsifu, sauti ikitoka tamu kama kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na yeye hana kosa. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye saa mpaka supu ikamwagika kwenye kitambaa chake, naye akanishika kidole akidhani nimeungua. Mama wa watu ananibembeleza, na mtoto wangu yuko kwenye jamvi anaingoja simu.

Nilifika kabatini saa tisa na robo.

Akapokea mama. Hakunigombeza, na mama yangu asipogombeza ujue mambo yameharibika. Alinieleza polepole. Sauda alikaa na sahani yake tangu saa saba, amevaa gauni la Idi nililotuma. Watoto wenzake walikuja kumchukua wakazunguke nyumba za watu kupewa mkono wa Idi, akakataa. Pilau ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Saa nane akaambiwa kula, akasema mama amesema nisiguse. Saa nane na nusu vilevile. Mwisho mama akamkemea: leo ni Idi, kufunga siku ya Idi ni haramu, unataka kuharibu mwezi wako mzima kwa ajili ya simu? Ndipo alipokula. Alikula huku analia, akasema Mungu amsamehe kwa kuchelewa.

Mtoto amefunga siku thelathini bila kuvunja hata moja, na ya thelathini na moja, ile iliyokatazwa, nimemfungisha mimi.

Nikamwomba mama anipe niongee naye. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa makabati na kibakuli changu, pilau imeganda mafuta juu. Nilijiandaa kwa kilio. Kilio nakiweza, ninakijibu kila mwezi. Lakini Sauda hakulia. Aliniamkia, akanishukuru kwa gauni, akasema limemtosha. Kwa adabu kabisa, kama anavyoongea na mgeni wa bibi yake.

Nikaanza kusema nisamehe. Akanikata, kwa upole.

“Nimeshakula, mama. Mwakani wewe ule tu, usiningoje. Na mimi sitakungoja.”

Akamrudishia bibi yake simu, akaenda kucheza.

Najua hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniua. Angesema kwa hasira ningejua bado anadai kitu kwangu. Alisema kama mtu aliyepata dawa ya tatizo dogo, na hakukosea, dawa ni hiyo. Mtoto anayengoja anaumia. Asiyengoja anakula chakula kikiwa cha moto, anatoka na wenzake, anapata zawadi zake. Ningekuwa mimi shangazi yake ningemshauri hivyohivyo.

Nimerudi saa kumi na mbili, nimelowa. Maman Béa alikuwa ananivizia mlangoni na sahani yangu, ameifunika kitambaa. Ndani ameweka sombe, yaani kisamvu cha kwao, na samaki, moto kabisa. “Sahani ya muntu haiwezi rudi bule,” akasema. Kisha akaniangalia machoni, akashusha sauti akinitakia sikukuu njema. “Bonne fête, mutoto yangu. Alors, njo leo, ao ilikuwaka jana?”

Nikamwambia sijui, maman. Akadhani namtania, akacheka, akanipiga bega. Nami nikacheka. Nikapanda ngazi na sahani ya mtu mwenye huruma mkononi, nikafunga mlango, na nikakaa chini palepale kwenye viatu.

Sombe nimeila yote, afadhali niseme. Nilikuwa na njaa. Hata katika hali hii mwili unadai chakula chake, hauna aibu. Boga lililobaki nimelitupa, sikuweza kulitazama.

Kwenye mkoba wangu kuna fomu mpya ya kongé, nimeichukua ofisini kabla ya kutoka. Bosi alishangaa: ya mwakani, sasa hivi? Nimekaa nayo mezani hapa. Kwenye tarehe nimeandika siku tatu mfululizo, ili mwezi uandame utakapopenda. Sasa naweza. Kumbe hata mwaka huu ningeweza, ilikuwa ni kuandika tarakimu mbili zaidi kwenye karatasi, basi.

Chini kuna mstari wa sababu. Nimeandika kwa Kifaransa: kula chakula cha sikukuu na mwanangu. Nimeisoma mara mbili, imenyooka, haina kosa.

Halafu nimekumbuka kwamba hatakuwa ananingoja.

Kesho ni Jumatano, zamu ya asubuhi. Fomu bado iko mezani. Sijaitia sahihi, na sijaichana.